Maharagi ya Mama Mudogo

Mimi niko mutu wa moto. Bwana yangu anasema hata sufuria ikichelewa kuchemka ninaigombeza, na hasemi uongo. Kwa hiyo mama mudogo, yule anayemufuata mama yangu, alipotukimbilia hapa mjini, mutaa wa Bigo, kutoka vita ya Djugu, alikuta kelele yangu na watu wanane ndani ya vyumba viwili. Alifika na kitenge kiunoni, Biblia bila jalada, na kopo moja lililofungwa kwa plastiki. Wengine walikimbia na godoro. Yeye, kopo.

Leo ninajua ndani yake mulikuwa nini: mbegu ya maharagi ya shamba lake, ile ambayo nyanya yangu alikuwa anapanda. Ni kitu kimoja tu kilichobaki cha kwao. Kanisa yetu ilikuwa imemupa kipande cha udongo cha kulima kule Mbunya, na alikuwa anangoja mvua tu. Lakini wakati ule sikuuliza, nilikuwa na mambo yangu mengi.

Niliona tu kwamba analala na kopo chini ya kichwa. Pikipiki ikipita anashituka, na mukono unaenda kwanza kwenye kopo. Alikonda, macho yakaingia ndani. Nikasema ni vita, itamutoka polepole.

Jumamosi moja alienda kwa maombi ya wamama, na ilikuwa zamu yangu kuwalisha hapa nyumbani wakitoka. Nilikuwa nimesahau kabisa! Nikatafuta mboga nyumba nzima, sikupata, nikafungua kopo. Maharagi, tena yamejaa majivu. Aka! Watu wa mashamba, nikasema, hata chakula wanachafua! Nikaosha mara tatu, nikabandika kwenye moto wa makala, nikatia chumvi na kitunguu, nikaanza kuimba.

Lakini kwetu mbegu inachanganywa na majivu ili wadudu wasiitoboe. Mama yangu alinifundisha hilo nikiwa mutoto. Kuishi mjini kulinisahaulisha.

Mama mudogo alitangulia kufika mbele ya wenzake. Akasikia harufu. Akaona kopo limegeuzwa juani, linakauka.

“Umepika yote?”

“Yote, mama mudogo. Nimeosha vizuri.”

“Mutoto wangu, ilikuwa mbegu.”

Mama yangu wee! Maji ikimwangika haizoleki, na maharagi yaliyoiva hayaoti. Nilitamani anitukane. Mimi ningetukana mpaka majirani wa njia ya pili waje. Yeye akaingia ndani, akateremusha pazia, na nikamusikia anaongea na Mungu. Haikuwa sauti tamu ya kanisani. Alikuwa anamugombeza kabisa: “Bwana, weye umeona! Weye uliniokoa na hii mbegu, na leo iko mu sufuria! Mimi nimechoka kuchunga, unasikia? Nimechoka!” Akalia sana.

Akatoka, akanawa mikono.

“Pakua.”

Wamama walikuwa wameshafika. Akaomba juu ya chakula, akabariki mukono uliopika. Mukono wangu! Mimi nikaweka sahani chini.

“Mama mudogo, nisamehe.”

“Nilikusamehe kule ndani. Kula, siye wote tuko na njaa.” Akatafuna kidogo. “Sikia. Nilikuwa nasema, mbegu ikipotea, kwetu kumepotea. Nikaichunga kuliko roho yangu. Kuchunga pale kwetu ni kazi ya Mungu, na mimi si Mungu. Leo nimemurudishia kazi yake. Udongo bado iko, na hawa wamama wako na mbegu. Nitawaomba.”

Mutu aliyepoteza nyumba na shamba anasema hivyo, na mukono mu sahani! Sijaona mutu mukubwa kumupita.

Wamama walipoenda, alijinyoosha kwenye mukeka uani, mchana kweupe, akalala. Pikipiki zikapita, moja, mbili, ile ya jirani isiyo na bomba ya moshi. Hakusogeza hata kidole. Nikafukuza kuku, nikawatuma watoto mbali, nikakaa karibu yake.

Mimi mwenye nyumba, mwenye bwana, mwenye gunia la mahindi, nilimutazama nikaona wivu, kwa sababu sijalala hivyo tangu niolewe. Nikafunika uso na kitenge, nikamuambia Mungu kwa sauti ndogo, “Bwana, na mimi nimechoka.”