Maji Yaliyopita Mifupani

Nilikuwa nauza vyungu sokoni Ngokolo, na meno yangu yalinifaa kazini. Yalikuwa ya kahawia, yenye vishimo, kwa hiyo nilizoea kupatana bei bila kucheka, wateja wakadhani nina roho ngumu. Lakini kifungua mimba wangu alipotokwa na meno ya utoto, yakaota mengine yenye rangi ya kutu, sikuona faida yoyote humo. Aliacha kuimba kanisani. Mdogo wake, msichana, alikuwa bado ananyonya.

Siku moja fundi wa bomba, mtu wa kuja, alitaka chungu. Tulivutana mpaka akachoka, akanitazama mdomo, akasema kosa ni la maji yetu: yanatoka chini sana mwambani, yana kitu kinaitwa floraidi, na kuyachemsha hakusaidii. Mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ndiyo hukikamata. Nikamwambia arudie. Aliporudia bila kubadili neno, nikampunguzia bei.

Usukumani mifupa si kitu cha kutafuta. Niliichoma jikoni asubuhi, nikaitwanga, nikaijaza kwenye chungu nilichokitoboa chini, nikamwaga maji. Mama mkwe akawa wa kwanza kuonja. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Mwanangu, haya ni maji au mchuzi?"

Mafuta ya mifupa hayakuwa yameungua yote. Bombani wanawake wakawa wananiuliza kama leo nimekumbuka chumvi.

Mara ya pili nikafanya kama wachoma mkaa: nikaifukia mifupa kwa udongo, moto ukala polepole siku tatu. Ikatoka myeusi, mikavu, ikigongana kama vigae. Maji yakapita, yakatoka bila harufu. Kwa jicho na kwa ulimi, hayakutofautiana hata kidogo na yale ya bomba, na hapo ndipo nilipoogopa. Fundi alikwishaondoka kwenda Nyarugusu kufuata dhahabu. Hapakuwa na wa kumwuliza. Mimi nisiyenunua nyanya bila kuibonyeza, nilichuja miaka mitano kitu nisichokiona kwa kitu nisichokielewa. Kila chungu cha maji nilichochuja nilikifungia fundo kwenye kamba, nijue lini nibadili mifupa, na mafundo nikayahesabu mara mbili. Msichana nilimkataza maji ya jirani. Wakasema tunaringa.

Msichana akang'oka meno ya utoto ya chini. Tukangoja. Mapya yalipochomoza, mama mkwe alimvuta mlangoni penye jua, akayafuta kwa ncha ya kanga.

Yalikuwa meupe, kama punje za hindi bichi. Nikahesabu: mawili. Nikahesabu tena. Ng'ombe tuliyekwisha kumla, tukamsahau, alikuwa amekaa kwenye chungu miaka yote hiyo akimlinda mtoto wangu.

Mama mkwe akachukua kikombe, yeye ambaye meno yake yalibaki machache, yote ya kahawia.

"Haya, nipe na mimi huo mchuzi wako."