Kovu la Pili

Mwanamume niliyegawana naye kompyuta katika studio ya picha pale Makiso alikuwa na tabasamu la kanisani na roho mbaya. Yeye alishika asubuhi, mimi mchana. Kazi yetu kubwa ilikuwa picha za marehemu. Familia huja na kadi ya mpiga kura, maana mara nyingi ndiyo picha pekee mtu aliyoiacha duniani, na kutoka katika kile kiuso cha kijivu sisi tunamtoa papa mzima, baba wa heshima, amevaa koti na tai, wa kuwekwa mbele ya waombolezaji. Koti tunalo tayari kwenye kompyuta. Uso ndio unaotaka mkono.

Mkono wangu ulikuwa mzuri, nasema bila aibu. Lakini kila nilipokaa nilikuta brashi ya kompyuta imechezewa. Leo rangi inatoka hafifu kama chai ya mgonjwa. Kesho napaka nyeusi na hakuna kinachoonekana, kwa sababu namna rangi inavyokaa juu ya picha imebadilishwa. Nahangaika kutafuta kosa, na umeme wa bwawa la Tshopo haumsubiri mtu. Ukikatika kabla sijamaliza, kazi imekwenda, na patron, mwenye studio, ananikodolea macho mimi.

"Machine inakukataa, dada," jamaa aliniambia siku moja akiwasha pikipiki yake. "Bon, labda iko inapenda wanaume."

Nilicheka naye. Alipoondoka, nikaanza kuipekua ile kompyuta.

Dawa niliigundua mwenyewe. Juu ya kioo cha kompyuta, pembeni kabisa, kuna picha ndogo ya chombo unachotumia. Ukiibonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, yanatokea maneno ya Kifaransa: rudisha chombo hiki kama kilivyokuwa mwanzo. Chini yake: rudisha vyombo vyote. Nilitumia lile la kwanza tu, kwa brashi yangu, na vyombo vingine sikuvigusa. Vile vilikuwa vyake, na mimi sikulelewa kugusa sufuria ya mtu.

Kisha akafa papa mmoja wa Mangobo. Mjane wake alileta kadi asubuhi, na mchana akarudi kuniona mimi. Alijigusa shavu la kushoto.

"Alikuwa na kovu hapa. Kwenye kadi haionekane. Usiisahau, mama. Bila kovu haiko yeye."

Jamaa alikuwa ameshaiingiza kadi kwenye kompyuta na kuniachia picha ikiwa wazi. Nilikuza lile shavu mpaka likajaa kioo, nikalichora kovu kidogo kidogo, pole pole, kama mtu anayeshona kitambaa chembamba. Taa zikaanza kutetemeka. Nikachapa haraka na, kabla karatasi haijatoka, nikaenda mlangoni kuwahudumia watu wa fotokopi. Jamaa, ambaye saa hizo huwa ameshaondoka, alijitolea kuitia picha kwenye fremu na kuifunga kwa karatasi. Nilimshukuru! Nikapanda toleka, nikaketi nyuma ya baiskeli na marehemu magotini, hadi Mangobo.

Mjane aliifungua mbele ya watu wote. Papa alikuwa na makovu mawili, moja kila shavu, yanafanana kama mapacha.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa sauti ndogo. Halafu sauti ikapanda. "Munaniletea mutu mwingine? Bwana yangu alikuwa na kovu moja! Mutu amekufa, na munamukata tena?"

Wanawake waliokuwa wamenyamaza wakaanza kulia upya. Nilisimama pale na karatasi ya kufungia mkononi, nikitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyenifukuza. Waligeuza tu picha ikatazama ukuta, na hilo liliniuma zaidi.

Patron hakutaka maelezo. Alinihamishia kwenye fotokopi, na kompyuta akampa jamaa mchana kutwa. Kile kiti kilikuwa kila kitu kwangu. Nilikuwa nimekipata kwa kuwachora wafu wa mji huu mpaka watu wakaanza kuniulizia mimi, na sasa nilipanga makaratasi mlangoni kwenye vumbi, nikimsikiliza mwenzangu akipiga mluzi nyuma yangu.

Lakini funguo za studio zilibaki kwangu. Asubuhi iliyofuata nilifungua mapema nikaiita ile picha. Juu yake kuna alama ya kipepeo. Ikiwashwa, chochote unachochora kushoto, mashine inakichora na kulia. Ilikuwa imewashwa. Sasa, kipepeo kikiwaka, mstari wa buluu hupasua uso katikati, hata kipofu angeuona. Mstari haukuwepo. Ulikuwa umefichwa, na ili kuuficha lazima mtu afungue orodha na achague kuuficha. Mstari haujifichi wenyewe. Na yeye ndiye aliyeifunga picha ile, akaona mashavu yote mawili, akanyamaza, akanipandisha toleka.

Nilimchukia siku ile kwa utulivu mkubwa.

Sifa yake yeye ilikuwa ngozi. Alikuwa na chombo cha kulainisha alichokirekebisha kwa miaka, kinamfanya bibi aonekane bibi-harusi. Hakukihifadhi kwa jina hata siku moja, maana jina lingeonekana kwenye orodha nami ningelitumia. Alikiacha hivyo hivyo, kimefichwa kwa uchoyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikaibonyeza ile picha ndogo ya chombo, nikasoma maneno yale ya pili, vyombo vyote, nikakubali. Nikaenda kupanga makaratasi yangu.

Siku hiyo alikuja mama mmoja mfanyabiashara, mnene wa pesa na wa maneno, na patron akasimama nyuma ya kiti kumsifia fundi wake. Jamaa akagusa shavu la mama kwenye kioo, kwa kile chombo chake. Shavu likavurugika kama chikwangue, ule mkate wa muhogo, iliyokanyagwa. Akajaribu tena. Jasho.

"Kuko mutu aliguza hapa!"

"Aliguza nini?" patron akauliza.

Akageuka kunitazama. Nami nikamtazama, kisha nikatazama kipepeo, kisha nikamtazama tena. Akakiacha kipanya, akainuka.

"Dada," patron akasema, "kuja, ukae."

Nilikaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake, na nilifurahia hata hilo joto. Sikumwambia patron kitu. Nilitaka yule mtu awe anafanya kazi kando yangu kila siku akijua kwamba najua.

Kabla ya siku ya kuondoa matanga, nilimchora upya papa wa Mangobo, kovu moja, shavu la kushoto. Patron akauliza nani ataipeleka. Nikasema, "Yeye."

Akaenda kwa toleka, picha magotini. Aliporudi alisimama mlangoni, karibu na fotokopi, kofia mkononi.

"Mama amepokea," akasema. "Amelia, amekubali ndiye." Akaigeuza kofia. "Alisema nikuletee neno. Ule mwenye alimutilia bwana yake kovu ya pili, Mungu alimuona."

Sikuinua macho kutoka kwenye kioo.

"Basi," nikamwambia, "neno limefika kwa mwenyewe."