Askari wa Misheni na Daftari la Jumuiya

Jumapili iliyopita, kwenye ukumbi wa parokia hapa Muthangari, padri mgeni alitueleza jinsi Wahispania walivyojenga misheni zao kule kaskazini mwa Mexico. Wenyeji waliobatizwa hawakuruhusiwa kuondoka. Aliyetoroka alifuatwa na askari wapanda farasi, akarudishwa. Ukumbi mzima uliguna kwa huzuni.

Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya sala mtaani hakuguna. Alilamba kidole, akafunua daftari lake la mahudhurio, akainua mkono.

“Father, askari kama hao mtu anawapata wapi?”

Padri alicheka. Mama akanitazama juu ya miwani.

“Nauliza tu. Huyu tangu Pasaka hajaonekana jumuiya.”

Farasi hana. Lakini mtoto wangu hawezi kubatizwa bila barua yenye sahihi ya mwenyekiti, kwa hivyo jana nilifika jumuiya kabla ya viti.