Bomba Lililokubali Kupinda

Kilichonitoa kijijini kwetu Kola ni kiburi, niseme ukweli. Mwethya wetu, kikundi cha majirani wanaochimba na kujenga pamoja, ulikuwa umeomba kazi ya kufukia bomba kubwa la maji huko Bonde la Ufa, pale linapovuka ufa wa ardhi unaoweza kusogea wakati wa tetemeko. Injinia alitaka kwanza kuona kazi yetu kwenye uwanja wa majaribio, Lukenya. Nikachaguliwa mimi, maana mabwawa ya mchanga niliyosimamia, zile kuta za mawe zinazozuia mchanga na maji mtoni, hayajawahi kusogea hata inchi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda bodaboda hadi Machakos mjini, nikanywa chai karibu na msikiti, kisha nikapata pikapu iliyokuwa ikienda kuchukua mawe.

Lukenya, ndani ya machimbo ya zamani, nilikuta sanduku la chuma lenye urefu wa nyumba tatu, limekatwa katikati. Ndani yake lilipita bomba lililojaa maji.

"Hii nusu itasukumwa na jeki," alisema Injinia Nduku, mama mfupi asiye na maneno mengi. "Hiyo ndio tetemeko yetu."

Nikafukia kwa njia ya kwetu: udongo, mawe, shindilia, udongo, mawe, shindilia. Nilipomaliza nilipapiga teke, nikapaona pagumu kama barabara. Nikamtazama kwa maringo.

Jeki zikaanza. Nusu ya sanduku ikasogea hatua moja kando, chuma kikalia, na bomba likakunjika palepale penye mkato. Maji yakatulowesha sote. Niliwaza watu wa bondeni wakifungua mifereji mikavu kwa sababu ya mikono yangu.

"Umeishika sana, Musyoka," akasema. "Ardhi ikienda, bomba iko na pa kwenda?"

"Kwani kazi tumekosa?"

"Bado. Kula kwanza, tujaribu na mchanga."

Alasiri, baada ya mlo wa muthokoi, tuliweka bomba jipya katika mtaro mpana, tukamwaga mchanga mkavu mtupu bila kuugusa. Jeki zikasukuma vilevile. Mchanga ukafumuka polepole, bomba likapinda mpindo mrefu, na maji yakaendelea kutoka upande wa pili kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilivua kofia. Chuma kizito namna ile! Nimejenga tangu ujana, na sikujua kwamba kitu kinaweza kupona kwa kuachiwa nafasi.

"Kazi ni yenu," Nduku akasema tukiagana, "kama utaweza kuwazuia watu wako kushindilia."

Kesho yake nilirudi Kola, nikaukuta mwethya mtoni. Niliwaeleza yote. Mwikali, jirani yangu, akaweka jembe chini.

"Musyoka, si ni wewe ulinitoa kwa laini ya kushindilia mbele ya watu, ati mkono yangu ni mwepesi, naacha udongo ikilegea?"

"Ni mimi."

"Sasa huko bondeni nani atasimamia?"

Niliona aibu, na nilijua jibu.

"Ni wewe," nikasema. "Mimi nitabeba mchanga."