Kovu la Sura ya Nne

Mama Chapa amekaa miaka ishirini na mbili kwenye steshenari ileile, kati ya mashine ya fotokopi na dirisha lisilofunguka, akichapa uongo wa watu. Wasifu wa marehemu aliyekuwa mkorofi, barua ya kazi ya mvivu, risala ya kumsifu mgeni rasmi asiyejulikana na mtu. Vyote anachapa, habishi. Ila uongo mmoja humtia kichefuchefu, nao ni wa malaya wa vitabuni.

Anaijua kazi ile. Kabla ya mashine hii aliifanya miaka sita, yeye na shoga yake waliyemwita Sindano kwa wembamba wake, kwenye nyumba ya vyumba vinane nyuma ya stendi. Kwenye sinema mwanamke huyo anavaa gauni jekundu hata akienda kununua chumvi, kisha anasimama dirishani kutazama mvua na kulia. Nani alikuwa na muda wa kutazama mvua? Ilikuwa ikinyesha, unakinga beseni pale bati linapovuja, unarudi kwenye maharage yako. Na wateja wa sinema, jamani, wapole hao! Wanauliza ulifikaje hapa, na jibu wanalisikiliza. Aliowajua yeye walikuwa watu wa haraka tu, suruali wanatundika msumarini pale wanapoiona wasije wakaibiwa, na wakimaliza wanakununia kana kwamba uliwaburuta.

Basi asubuhi moja akaingia mwalimu mkuu mstaafu, madaftari manne kwapani, akasema ameandika riwaya. Mama Chapa alimjua kabla hajakaa. Mzee yeye hakumjua, na angemjuaje? Enzi zile alikuja nyumba ya stendi kila mwisho wa juma, lakini uso wa mtu hakuwahi kuutazama.

Riwaya yenyewe sasa. Kahaba mzuri hadi basi, na mwalimu kijana anayekwenda chumbani kwake kumwokoa. Hamgusi, hata kidogo, anakaa kitini anamsomea mashairi. Mama Chapa alicheka mpaka akajitia kukohoa. Kiti kipi? Vyumba vile havikuwa na kiti. Na huyo kijana enzi zile alikuwa ameshaota upara na ana watoto watatu. Mwishoni mwanamke anafia mikononi mwa mwalimu, akimwomba msamaha. Amwombe yeye! Mtu mzima hana hata haya.

Angeyachapa hayo huku amebinua midomo, yaishe, kama si sura ya nne. Humo kahaba alikuwa na kovu pana shingoni, la uji wa moto uliommwagikia akiwa na miaka sita, mdogo wake yuko mgongoni. Vidole vya Mama Chapa vikasimama. Kovu hilo ni la Sindano, na uji ule ni wa Sindano. Kisa hicho alimsimulia mwanamume huyu siku moja kwa ujinga wa ujana, na miaka mingi baadaye akamsimulia binti yake wa pekee. Binti huyo sasa ni mwalimu wa darasa la tano, anajua mama yake amekuwa mshonaji tangu usichana. Na mzee alikwishajigamba kwamba kitabu kitaingia maktaba za shule zote za mji. Binti angefika sura ya nne tu, angejua.

Kwa mara ya kwanza Mama Chapa akambishia mteja. Alimwomba kwa upole alitoe lile kovu. Mzee akamjibu kwamba mwandishi hafundishwi na mpiga chapa, na kwamba kovu ni ishara ya dhambi. Uji wa mtoto, eti dhambi.

Sasa, pale steshenari kazi ndefu haitoki bila kulinganishwa. Mmoja anasoma daftari kwa sauti, mwingine anafuata kwenye karatasi zilizochapwa. Mama Chapa akamwambia mzee kwamba macho yanamsumbua, ataleta mtu wa kusoma. Akamleta Sindano, mtandio umemzunguka mpaka kidevuni.

Sindano alisoma sura tatu bila kujikwaa, mzee amefumba macho, raha mstarehe. Akamsifu sauti, akamuuliza alisomea wapi. Sura ya nne ilipofika kwenye kovu, Sindano alilisoma mara moja, akarudia, akaweka daftari mezani. Akafungua mtandio. Akasimama, mikono mbele, goti amelikunja kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Ndivyo alivyotaka wamwamkie kila alipokuja, kabla hajavua shati. Msichana asipoamkia vizuri alirudishwa mlangoni aanze upya, na bwana mkubwa yuko pale na soksi zake ndefu anasubiri heshima. Huyo ndiye mwokozi.

"Marahaba," mzee akaitika, mdomo ukiwa umetangulia akili. Kisha akaiona shingo. Kisha akautazama uso.

"Mwanangu ni mwalimu," Sindano akasema. "Nitolee kovu langu, na uji wangu, na mdogo wangu. Mengine baki nayo."

Mzee akatafuta kalamu, akakata mahali kumi na moja. Pole hakusema. Aliuliza tu kama kuna mwingine anayejua. Mama Chapa akamwambia, "Mimi," akampa mgongo na kugeukia mashine yake, na dharau ile ilimburudisha mpaka jioni. Kifo cha mwanamke kilibaki, na machozi ya yule mwalimu mwema yalibaki.

Kitabu kikatoka. Jumapili moja mchana binti akaja nacho kwa mama yake, Mama Chapa naye yupo, anamenya viazi. Akawasomea sura ya mwisho kwa sauti nzuri aliyoirithi, na kabla hajamaliza analia.

"Angalau alipata mwanamume mmoja mwenye utu," akasema, akijifuta. "Au siyo, mama?"

Kisu kilisimama mkononi mwa Mama Chapa. Aliona hasira inavyompanda shoga yake mpaka kooni, na anavyoimeza.

"Ndiyo, mwanangu," Sindano akasema, akainuka kwenda kuanua nguo.