Mwenye Mzigo Anapita

Ukipita Mangobo ukasikia vijana wa pikipiki wanamwita mwanaume fulani "Papa Maiti", naomba usiulize sana, ni mimi. Jina langu lenyewe ni Papa Plamedi, nauza maharagwe na vitunguu kule Makiso katikati ya mji, watoto wanasoma, kanisani nakaa benchi la mbele, yaani ni mtu mwenye heshima zake, lakini heshima hiyo niliimwaga yote asubuhi moja kwa sentensi moja, na kama ningerudisha gari nyuma kidogo tu, au basi kama ningefunga mdomo, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Siku hiyo nilitumwa kumtoa mama mkwe hospitalini. Mama Albertine alikuwa amepasuliwa tumbo, hali ikawa mbaya, na kwa muda sisi sote tuliishi roho mkononi, hata ndugu wengine wakaanza kuongea kwa sauti ya chini kila wakiingia nyumbani. Lakini Mungu mwema, alipona, daktari akasema arudi kwake, na mke wangu Charlotte akawakusanya ndugu zake wote kwa mama yao Mangobo, wakapika pondu ya majani ya muhogo, wakakaanga samaki, wakachinja mbuzi, wakakodi viti. Mimi kazi yangu ilikuwa moja, kumleta mwenye sherehe. Dada mdogo wa Charlotte alitangulia kwa pikipiki na masufuria na mablanketi, nikabaki na mama mkwe katika gari langu kuukuu, yeye amelala kiti cha nyuma kwa sababu ya mshono, amejifunika kikwembe, dawa zimemlegeza, anakoroma. (Kwetu mtu hazoeani na mama mkwe wake, hapigi naye porojo, wala hali naye sahani moja, kwa hiyo ule usingizi niliupokea kwa shukrani.)

Sasa, kwenye njia ya kwenda Mangobo kuna mahali mvua imekula nusu ya barabara, imebaki sehemu ya kupita gari moja tu, upande huu shimo, upande ule mtaro. Hakuna polisi pale, kuna desturi tu. Mwenye mzigo anapita, asiye na mzigo anarudi nyuma. Hata toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, zinaifuata, ile yenye gunia la makala, yaani makaa, inapishwa na ile tupu. Hakuna aliyeiandika popote na hakuna asiyeijua, na mimi mwenyewe nikiwa na magunia yangu ya vitunguu nimepishwa pale mara nyingi, nikapunga mkono kama mkubwa fulani.

Nilipofika niliona lori linaingia kutoka upande wa pili, limejaa makala na mikungu ya ndizi kutoka njia ya Banalia. Nililiona vizuri, nisidanganye mara ya pili. Lakini Charlotte alikuwa ameshanipigia simu akiuliza tuko wapi, jua lilikuwa kali, mlinzi wa hospitali alikuwa ameniudhi kwa habari ya mahali pa kuegesha gari, na hasira zangu mimi ni kama maziwa motoni, zinapanda wakati umegeuka kuangalia kitu kingine. Nikakanyaga mafuta nikaingia, tukakutana katikati, pua kwa pua.

Dereva wa lori alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu. Akatoa kichwa dirishani.

"Papa, rudia nyuma kidogo. Mimi niko na muzigo."

"Njo mimi niliingia wa kwanza."

"Sawa, lakini gari yako iko vide, haina kitu. Rudia tu, papa."

Nyuma yangu palikuwa wazi, ningerudi bila shida yoyote, lakini kwa wakati huo pikipiki na toleka zilikuwa zimeanza kujaa pembeni na watu wananiangalia, na mimi nikiangaliwa nakuwa mjinga. Nikatoa kichwa nikamuuliza nani alimpatia permis ya kuendesha, mbuzi huyu, na mambo mengine ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa sababu yalihusu familia yake. Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekaa nyuma ya toleka akasema taratibu, "Papa, kagari kako kako kadogo, rudia basi, batu bapite," na hicho kineno "kagari" kilinichoma kuliko tusi.

Yule dereva hakunijibu matusi. Alishuka, akaja hadi dirishani kwangu, akasema kwa upole kabisa, "Unionyeshe muzigo yako, papa. Kama uko na muzigo, mimi nitarudia."

Nikasema, "Muzigo yangu ni maiti."

Sijui lilitoka wapi. Nadhani nilikuwa natafuta mzigo wa kushinda makala na ndizi, na hakuna mwingine. Dereva akavua kofia. Akainama akachungulia kioo cha nyuma, akaona mama mzima amelala chali, kikwembe hadi kidevuni, macho yamefungwa, na Mama Albertine, aliyekoroma tangu hospitalini hadi hapo, akachagua dakika hiyo kunyamaza.

"Ni nani yako?"

"Mama ya bibi yangu," nikasema, yaani mama wa mke wangu, na hilo angalau lilikuwa kweli.

"Pole sana, papa. Unisamehe, sikujua." Akaniomba msamaha mimi niliyemwita mbuzi dakika mbili kabla, akapanda lori lake akaanza kulirudisha, zito vile, kwenye njia nyembamba vile, watu wakimwelekeza, hadi karibu na mwisho gurudumu la nyuma likateleza likaingia mtaroni, lori likainama upande, nafasi ya gari langu ikabaki, na mikungu kadhaa ikadondoka kwenye matope.

Nikajiambia pita haraka, Papa Plamedi, pita utoweke. Lakini dereva alikuwa ameshashuka tena na panga mkononi, akakata matawi mabichi kwenye mti wa kando ya njia, akayafunga mbele ya gari langu kwa kamba yake mwenyewe, kama tunavyofanya kwa gari la matanga, akaniambia niwashe taa.

"Na gari yako?" nikamuuliza.

"Bapakizi bangu banabakia nayo. Gari itangoja, mufu hangoji. Hauwezi kupeleka mama peke yako kama gunia ya vitunguu." Akapanda nyuma ya pikipiki moja, akawaita wengine, na wale vijana, ambao dakika chache zilizopita walikuwa wananipigia honi nitoke, wakajipanga mbele na nyuma yangu na kuanza safari, honi zinalia, wanaimba nyimbo za matanga.

Mtaniuliza kwa nini sikukiri pale pale. Nilifungua mdomo, naapa. Lakini kila nikifungua, kijana anakuja dirishani anasema "courage, papa", nafunga. Na nikiwa mkweli kabisa kuna jambo lingine baya zaidi. Barabara ilikuwa inafunguka. Magari yanasimama kando, wanaume wanavua kofia, hata yule polisi wa mzunguko ambaye kila wiki ananitafutia kosa alipiga saluti. Tangu nianze kuendesha gari Kisangani sijawahi kupishwa namna ile, na Mungu anisamehe, kwa muda mfupi niliona raha.

Raha ikaisha sauti ilipotoka nyuma.

"Papa Plamedi, hiyo makelele ni ya nini?"

"Ni matanga, mama. Ba motard banasindikiza na pikipiki yabo."

"Matanga ya nani?"

"Sijui, mama."

"Mawa," akasema, yaani ni huzuni. "Basi usibapite, tembea nyuma yabo na heshima. Mimi sitaki kuona maiti, mugonjwa hapashwe kuona maiti." Na akavuta kikwembe mwenyewe akajifunika uso mzima, akatoa rozari yake, akaanza kumwombea marehemu. Nilikuwa nasikia chini ya kile kitambaa, "umupokee mutumishi wako", polepole, kwa moyo wote, anajiombea mwenyewe bila kujua, na mimi nimeshika usukani na sina pa kutokea.

Tulipopita sokoni kuna mtu alilitambua gari langu, maana kioo chake kilichopasuka kinajulikana, na alijua pia ni nani aliyekuwa hospitalini. Simu yangu ikaanza kulia. Charlotte. Ikakatika, ikalia tena. Sikuipokea. Ningemwambia nini, na mama yake yuko nyuma anasikia?

Kumbe habari ilishanitangulia. Tulipokata kona ya mwisho nilisikia kilio kabla sijaona lango. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye vumbi, masufuria yametolewa motoni, viti vya sherehe vimesukumwa pembeni, na shemeji yangu Faustin, kaka mkubwa wa mke wangu, mtu ambaye sijawahi kumwona amelegea, alikuwa ameegemea ukuta mikono kichwani. Charlotte aliona matawi mbele ya gari akaanguka kwa magoti. Nilimwona mke wangu anaanguka kwa neno nililosema mimi, na hapo hata mimi niliacha kujihurumia.

Dereva wa lori alifika mlangoni mwa gari kabla yangu. Akafungua, akaingiza mikono chini ya mabega ya Mama Albertine, akawaambia vijana, "Doucement, tumushike polepole."

Kikwembe kikashuka. "Wewe ni nani unanishika?" akasema mama mkwe.

Sijui nani alikimbia kwanza. Najua pikipiki mbili zilianguka na mama mmoja aliingia jikoni akafunga mlango. Dereva alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Katika familia ni Charlotte peke yake ambaye hakukimbia, alitambaa hadi kwenye gari akashika miguu ya mama yake, akaigusa gusa, na akalia kwa namna nyingine.

Mama Albertine akaangalia watoto wake, akaangalia vumbi kwenye nywele zao, akaangalia matawi. Ni mtu mwenye akili, hakuhitaji kuelezwa mengi. "Njo mimi mwenyewe nilikuwa naombea?" akauliza. "Nani alisema nimekufa?"

Dereva angeweza kuninyooshea kidole, na haki alikuwa nayo. Hakufanya hivyo. Alishika kofia yake tu akaniangalia, akangoja, na watu wote wakafuata macho yake hadi kwangu.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikuwa sitaki kurudi nyuma."

Kwa maneno mengine nisingejua kueleza. Faustin alinijia na nadhani angenipiga, lakini mama yake aliinua mkono. Kumlilia mtu aliye hai si mchezo kwetu, ni kama kumwitia kifo kwa jina lake, na wazee wa familia walikaa hapo hapo wakaamua. Nifungue yale matawi kwa mikono yangu mbele ya kila mtu, niyapeleke mtoni nikayatupe, nilete mbuzi wa pili, na chakula kisiguswe hadi nimpigie mama mkwe magoti. Nikapiga. Alisema "nimesikia", basi, na "nimesikia" si "nimesamehe", mtu yeyote aliyeoa anajua.

Kisha akauliza yule mwembamba ni nani. Walipomweleza, alimkalisha kwenye kiti kilichowekwa kwa ajili yangu, akampakulia kwa mkono wake. Mimi sikula. Nilipewa sepetu, na mchana huo wote, katika shati langu jeupe la sherehe, nilikuwa mtaroni na mashemeji zangu tunachimbua gurudumu la lori na kuosha ndizi, huku vijana wa pikipiki wakipita na kuniuliza maiti anaendeleaje. Jina lilizaliwa hapo.

Charlotte alibaki kwa mama yake, akarudi nyumbani kwetu baada ya wiki. Mama Albertine yeye hakupanda gari langu muda mrefu sana, kanisani alienda kwa toleka, na mshono wake ule, kwenye mashimo yale, na kila Jumapili nilimwona akishuka taratibu mbele ya kanisa na kujishika tumbo. Adhabu nyingine zote nilizizoea, hiyo sikuizoea.

Juzi mvua ilinyesha, ikabidi akubali. Akakaa nyuma, wima safari hii, mkoba mapajani. Tukafika pale pale barabara ilipoliwa, nikaingia, na mbele yetu likaingia gari dogo, tupu kama langu, dereva wake anapiga honi kama mimi wa siku ile. Nilikuwa nimeshaapa kwamba sitabishana njiani tena maisha yangu yote, lakini mkono ulikaa juu ya honi, nakiri, maana kweli safari hiyo nilikuwa wa kwanza.

"Rudia nyuma, Papa Plamedi," akasema mama mkwe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina langu tangu siku ile. "Muzigo yako iko muzima. Inaweza kungoja."

Nikarudi nyuma hadi barabara inapopanuka, nikazima gari, na yule kijana akapita bila hata kupunga mkono.