Noti Nilizomkusanyia Mzungu wa Usa

Mume wangu alichapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwenye boma la Arusha kwa sababu alikataa karatasi. Mjerumani mwenye shamba kule Usa alichukua dume letu la ng'ombe, akamlipa noti mpya za vita, nyepesi kama ganda la kitunguu. Mume wangu akasema anataka rupia za fedha. Mzungu akaita askari.

"Anayekataa noti za serikali ni adui," alisema.

Siku kumi mume wangu alilala kifudifudi. Nilikuwa nikimkanda mgongo huku nikiapa moyoni.

Nikaanza kukusanya noti. Majirani walizichukia. Nilimpa mtu mkungu wa ndizi, naye akanipa karatasi yake huku akinicheka. Nilifika mpaka Kimandolu kuzitafuta.

"Mwanangu, unajaza nyumba takataka," mama mkwe aliniambia.

Nilizilaza kapuni, nikajifunza kuzitofautisha. Za kabla ya vita zilikuwa nzito, zina picha za simba. Za vita zilipigwa chapa kwa haraka, nyingine kwenye karatasi ya kahawia kama ya kufungia sukari. Nilizipenda, sifichi. Lakini sikuzikusanya kwa ajili ya uzuri wake.

Waingereza walipokaribia, yule mzungu alitangaza kuuza ng'ombe wake ili akimbie. Nilishuka na kapu langu, nikachagua ng'ombe wa maziwa ambaye mzungu alimjivunia kuliko wote, nikamwaga noti mezani.

"Hizi sitaki. Lete fedha."

Afisa wa boma alikuwa pale uani akichagua punda wa jeshi. Nikamgeukia.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Huyu amekataa noti za serikali. Adhabu yake si hamsa ishirini?"

Afisa alimkazia macho Mjerumani mwenzake, akatamka neno moja la Kijerumani. Mzungu akaanza kuzikusanya, masikio yamemwiva. Noti moja iliangukia kwenye mavi ya ng'ombe. Nikamwonyesha kwa kidole. Akainama, akaiokota.

Nilipomfikisha ng'ombe nyumbani, mume wangu alimshika pembe, nami nikamwambia mzungu aliokota noti mavini.

"Aliinama?"

"Aliinama."

"Mpaka chini?"

Nikamsimulia tangu mwanzo. Siku hiyo alinirudisha mwanzo mara tatu, na kila mara niliyaongeza yale mavi kidogo.